Dumu la lita tano: siku saba za kuhesabu watu Kondoa

Nafundisha shule ya msingi katika kata moja ya Wilaya ya Kondoa, mkoani Dodoma. Mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa. Eneo nililopangiwa ni kitongoji kilicho ng'ambo ya korongo. Kwa miaka sita nilikuwa nikikiona kwa mbali tu, ingawa watoto wake niliwaona kila asubuhi wakiingia darasani na vumbi hadi magotini. Haya nimeyatoa kwenye daftari langu la pembeni. Majina hayamo, kitongoji sikitaji, na mambo mengine nimeyachanganya kwa makusudi ili yasimwelekee mtu. Sheria ya Takwimu inamfunga karani mdomo, na hata isingekuwepo, watu wale walinifungulia milango kwa kuniamini.

Jumanne, 23 Agosti

Mwenyekiti wa kitongoji alinisubiri chini ya mgunga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kajifunika shuka kwa upepo. Agosti Kondoa ni baridi na vumbi. Alizeti imeshavunwa, mashamba yamebaki mabua, na ng'ombe wanapita popote. Serikali ilikuwa imeitangaza siku hiyo kuwa ya mapumziko ili watu wakae nyumbani. Nilivaa kizibao, mkononi kishikwambi, begani mkoba wenye betri ya akiba. Kutoka senta hadi kaya ya kwanza tulitembea dakika hamsini.

Sensa nzima inasimama juu ya usiku mmoja, usiku wa kuamkia tarehe 23. Kila swali linarudi hapo: nani alilala hapa? Aliyelala Dodoma anahesabiwa Dodoma. Mgeni aliyelala kwako anahesabiwa kwako. Nilikuwa nimelikariri hilo kwenye mafunzo hadi likawa kama sala, lakini kwenye kaya ya tatu likanishinda kulitamka.

Ni nyumba ya tembe, paa la udongo, milango miwili. Nilipiga hodi, nikamsalimu bibi aliyekuwa amekaa kizingitini. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwalimu, karibu, umetukuta na mgeni." Mgeni mwenyewe alikuwa kichanga, kimezaliwa saa kumi alfajiri ya siku hiyohiyo. Mama yake amelala ndani. Walikuwa wamepanga kumpeleka zahanati, lakini uchungu ulianza usiku, na bodaboda ya kuvuka korongo kwenda senta usiku haipatikani hata ukiwa na hela. Bibi mwenyewe ndiye aliyempokea mjukuu, kwa mwanga wa tochi.

Nikaanza orodha. Mkuu wa kaya ni bibi, kwa sababu mwanawe wa kiume alilala Dodoma mjini anakobeba zege. Mama wa mtoto. Mdogo wake wa kike, aliyekuja kumsaidia. Watoto wanne. Jumla saba.

"Na huyu mwandike," bibi akasema, akionyesha mlango.

Nikamweleza kwamba hesabu imekata saa sita usiku. Aliyekuwa hai saa sita anaingia, hata kama asubuhi Mungu amemchukua. Aliyezaliwa baada ya saa sita haingii.

Bibi alinitazama muda mrefu. "Kwa hiyo mjukuu wangu hayupo?"

"Yupo, bibi. Hayumo kwenye hesabu tu."

"Basi mwandike hata kwenye hilo daftari lako."

Nikamwandika.

Mmoja wa wale watoto wanne ni binti, mwanafunzi wangu wa darasa la sita. Alikuwa amesimama nyuma ya ghala la nafaka, hajui kama anisalimie kama mwalimu au kama karani. Kwenye daftari la mahudhurio jina lake nimeliwekea alama nyekundu mara nyingi. Mchelewaji.

Jumatano, 24 Agosti

Leo tatizo lilikuwa neno "kaya". Kaya si nyumba wala si familia. Ni watu wanaokula chungu kimoja na kuishi pamoja kwa mpango mmoja. Maelezo hayo ni mepesi mpaka ufike kwa mzee mwenye wake wawili, kila mmoja na nyumba yake na mafiga yake, na mzee mwenyewe akila kwa zamu. Hizo ni kaya mbili, na mzee anaandikwa alikolala usiku ule. Aliposikia hivyo, bi mdogo akanyamaza na bi mkubwa akatabasamu. Sikuuliza zaidi.

Nyumba ya jirani kulikuwa na ajuza anayeishi peke yake kwenye chumba kimoja. Mwanawe yuko hatua thelathini. Anakula wapi? Kwa mwanawe, mchana. Usiku? Usiku "anajikaza". Nilirudia swali kwa njia tatu kabla sijaelewa kwamba kujikaza maana yake ni kulala bila kula, ili asiwe anapeleka bakuli kwa mkamwana mara mbili kwa siku. Nilimwandika kwenye kaya ya mwanawe, maana ndiko kwenye chungu. Kwenye kishikwambi ni mtegemezi ndani ya kaya ya watu sita, na kwa utaratibu ni sahihi kabisa.

Tangu kwa ajuza yule nimekuwa nikitembea polepole zaidi. Kaya moja ninamaliza kwa dakika arobaini, wakati mwingine saa nzima. Dodoso ni refu na linauliza mengi: paa la nini, kuta za nini, sakafu ya nini, mnapikia nini, mnatumia choo gani, nani ana cheti cha kuzaliwa, nani ana kitambulisho cha taifa, mna redio, mna baiskeli, mna jembe la kukokotwa na ng'ombe. Paa la bati nimelikuta kwenye nyumba nyingi kuliko nilivyotegemea. Sakafu ya saruji, chache. Watu huanzia juu. Bati linaonekana na linakinga mvua, na sakafu inangoja mavuno mengine. Choo karibu kila kaya inacho, na wengi wanasema walichimba wakati wa kampeni ya Nyumba ni Choo. Sehemu ya kunawia mikono pembeni ya choo ndiyo sikuiona, na kesho yake nilielewa kwa nini.

Alhamisi, 25 Agosti

Niliomba kwenda kuteka maji na watu wa kaya ya tatu. Hiyo si kazi ya karani. Nilitaka tu kujua.

Tuliondoka saa kumi alfajiri: yule dada mdogo wa mzazi na dumu la lita ishirini, mwanafunzi wangu na la lita kumi, na mimi na la lita kumi la kuazima. Nyota zilikuwa bado kali. Njiani binti hakusema neno, na mimi pia sikujua nianzie wapi.

Mto wa Kondoa wakati wa kiangazi ni barabara pana ya mchanga. Mchanga huo ulitoka vilimani. Wakati wa mkoloni misitu ilifyekwa kufukuza mbung'o, mifugo na mashamba vikaongezeka, mvua ikakata makorongo na kushusha ardhi mabondeni. Ndiyo sababu Hifadhi Ardhi Dodoma, ambayo wazee wanaiita HADO, ilianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye vilima vilivyoharibika. Miti imerudi. Mchanga umebaki, na ndio unaotunyweshea. Maji ya kifuku yanazama chini yake na kujificha humo hadi kiangazi, kisha yanafuatwa kwa jembe na mikono. Mwezi wa sita unachimba hadi magotini, Agosti hadi kiunoni, Oktoba mtu anaingia shimoni haonekani na mwenzake anapokea kibuyu juu.

Kwenye shimo letu tulikuta wanawake tisa na foleni ya madumu. Unakwangua maji kwa kibakuli, unangoja yajae tena, unakwangua. Mbuzi walikuwa wametangulia, kinyesi chao kiko ukingoni. Wenye punda walijaza madumu manne wakaondoka. Sisi tulifika nyumbani saa kumi na mbili, kunapambazuka. Saa mbili, safari moja. Kisha wakageuka kwenda ya pili, nami shingo ilikuwa imekufa ganzi.

Nilikaa na bibi tukapiga hesabu. Safari mbili kwa siku, dada lita arobaini, binti lita ishirini. Sitini. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, kituo kisizidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Hiyo mita 400 yenyewe ni ahadi ya zamani. Mpango wa miaka ishirini ulioanza mwaka 1971 ulilenga kila mwanakijiji aifikie ifikapo 1991. Lita sitini ukizigawa kwa watu saba ni lita nane na nusu kwa mtu. Lakini kichanga kinaogeshwa mara mbili, nepi zinafuliwa, na mzazi anakandwa kwa maji ya moto. Kwa sensa wako saba. Kwa maji wako wanane.

Kisha bibi akaongeza kitu ambacho mimi nilikuwa sijakitia kwenye hesabu. "Na ya shule."

Shule yetu haina bomba. Kila mwanafunzi anakuja na dumu la lita tano, kwa ajili ya vyoo, uji na miti tuliyopanda. Asiyeleta tunamsimamisha pembeni ya mstari wa asubuhi. Mimi ndiye mwalimu wa zamu niliyewasimamisha mara nyingi, na nilifanya hivyo nikiamini nafundisha wajibu. Kaya hii ina wanafunzi watatu. Lita kumi na tano kati ya sitini. Robo ya maji ya nyumba hiyo nilikuwa naipokea mimi, mlangoni mwa shule, kila siku ya masomo, na iliyokosekana nilikuwa naiadhibu.

Sikuwa na la kumwambia bibi. Akanipa uji.

Bomba kitongojini lipo, lazima niliseme hilo. Kuna kituo cha saruji safi chenye koki mbili, karibu na msikiti. Ndoo moja ilikuwa shilingi hamsini, na watu walikuwa wakilipa. Pampu iliungua tangu kiangazi cha mwaka juzi. Watoto wadogo wanacheza duka pale, sinia la saruji ndilo kaunta. Nilipouliza chanzo kikuu cha maji ya kunywa, mzee mmoja alinijibu kwa haraka, "Bomba." Nikamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama chini. "Sasa hivi, mzee?" "Sasa hivi mchangani. Lakini wewe andika bomba, wasije wakasema tumeacha kulitaka." Ilinichukua muda kumshawishi kwamba ni kinyume: nikiandika bomba, atakayesoma ataona kitongoji chenye maji. Alikubali, kwa shingo upande.

Ijumaa, 26 Agosti

Kaya chache leo. Wanaume walikwenda kwenye sala ya Ijumaa na wake zao hawakutaka kujibu kuhusu mali bila wao kuwepo.

Kishikwambi kilizima saa tano, betri ya akiba nayo tupu. Nilirudi senta kuchaji dukani, pale wanapochaji simu kwa sola kwa shilingi mia tatu. Njiani niliinua macho. Nguzo za umeme zinapita ukingoni mwa kitongoji, waya umeng'aa. Kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, bei ambayo mkulima aliyeuza gunia la alizeti anaimudu. Lakini fedha hiyo inakufikisha kwenye mita. Kutandaza waya ndani ya nyumba ni fedha nyingine na fundi mwingine. Kwa nyumba ndogo kuna kile kibao kinachoitwa UMETA, umeme tayari, chenye swichi, soketi na taa, hakihitaji waya mwingi. Nimekikuta kwenye nyumba mbili za waliowahi. Wengine wanamulika kwa tochi za betri na vitaa vya sola. Kupikia, kaya zote nilizoandika hadi leo ni kuni, mafiga matatu.

Jumamosi, 27 Agosti

Kuna swali ambalo kwenye mafunzo tulilifanyia mazoezi kwa kuigiza, wengine wakicheka kwa aibu. Je, kuna mwanakaya aliyefariki katika miezi kumi na miwili iliyopita? Kama ni mwanamke: alikuwa mjamzito, alikuwa akijifungua, au hajamaliza wiki sita baada ya kujifungua?

Leo nilimuuliza baba mmoja kijana. Alikuwa anasuka kamba. Akajibu la kwanza kwa kichwa. La pili akajibu, "Hilo la katikati."

Nilitaka kufunga kishikwambi. Yeye ndiye aliyesema niendelee. Ilikuwa Machi, mvua imeshiba. Korongo lilelile ambalo sasa tunachimba mchanga wake, Machi ni maji mekundu yanayobeba magogo. Walimfikisha ukingoni kwa machela ya miti miwili na shuka. Wakangoja maji yapungue. Yalipungua alasiri.

"Kadi ya bima tulikuwa nayo," aliniambia, kama mtu anayeogopa kulaumiwa. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na alikuwa amelipa. Aliingia ndani akaileta kadi niione. Nikaishika. Hakuna swali kwenye kishikwambi linaloihitaji ile kadi, lakini niliisoma jina kwa jina, kisha nikamrudishia kwa mikono miwili.

Zahanati ipo. Nesi yupo. Kadi ipo. Kilichokosekana ni daraja la hatua arobaini. Nimeandika hivyo kwenye daftari langu na kupigia mstari.

Jumapili, 28 Agosti

Babu mmoja hajui mwaka wake wa kuzaliwa. Tukautafuta kwa matukio, kama tulivyofundishwa. Uhuru, 1961? "Nilikuwa nachunga ng'ombe, peke yangu, nimeaminiwa." Sensa ya 1967? Anaikumbuka, alihesabiwa kwa baba yake. Ile ya 1978? "Hapo niko na mke na mtoto mmoja. Mwaka uliofuata ng'ombe wakafukuzwa." Nikaandika miaka 73. Akaridhika nayo kama mtu aliyepewa zawadi. Mara sita amehesabiwa tangu Uhuru, na hii ndiyo ya sita. Akaniuliza, kwa upole, kama safari hii watajenga lile daraja. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi ni mwandishi tu, siwezi kuahidi. Akasema hilo anajua, ila alitaka niwe nimeulizwa.

Jumatatu, 29 Agosti

Siku ya kufunga. Kaya nne zilizobaki ni za wafugaji waliohamia upande wa tambarare, mwendo wa saa moja na nusu. Walikuwa wamekwisha kutuona tangu mbali. Ndani ya nyumba zao hakuna vingi vya kujaza kwenye orodha ya vitu vya nyumbani, lakini maziwa walinipa mpaka nikaomba kupumzika. Watoto wenye umri wa kwenda shule, wanane kwenye kaya hizo nne. Walioko shule, wawili. Ada ya shule ya msingi ilifutwa tangu mwaka 2001, na mama mmoja analijua hilo vizuri. "Shule haiko mbali kwa hela," alisema. "Iko mbali kwa miguu."

Jioni nilipanda kwenye jiwe kubwa lililo juu ya kitongoji, mahali pekee panapopata mtandao, nikatuma kazi yote. Kutoka pale unaona nyumba zote, korongo lote, na mbali kabisa bati la shule yetu. Kwa macho ni karibu mno.

Baadaye

Shule ilipofunguliwa Septemba, nilipeleka ile hesabu ya lita kumi na tano kwenye kikao cha walimu. Tulibishana kirefu, maana vyoo bila maji ni maradhi na uji haupikiki kwa huruma. Mwishowe tukakubaliana kwamba wanaotoka ng'ambo ya korongo wasilete maji hadi mvua zianze, na wa karibu wabebe. Kesho yake yule binti alikuja na dumu lake kama kawaida, nusu yake ina maji. Nilimwambia amesamehewa. Akajibu kwamba bibi amesema shule haiendwi mikono mitupu. Nilimwomba ampelekee bibi shukrani zangu, na kwamba dumu libaki nyumbani.

Tarehe 31 Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya mwanzo mjini Dodoma. Tulisikiliza redio ofisini, kisha nikaingia darasa la sita na kuandika ubaoni: 61,741,120. Nikawaambia wasome kwa maneno. Wakasoma. Yule binti akanyosha mkono.

"Madam, na mdogo wetu yumo?"

Nikamwambia hayumo, alizaliwa saa kumi.

Akainama kwenye daftari lake. Nilipopita kusahihisha nikaona chini ya namba yangu ameandika yake, kwa mwandiko wa kujibidisha: 61,741,121. Sikuifuta.